Pole ya Ng'ombe

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika Mtinko, marahaba. Bibi yako ni mzima, anavuna alizeti. Mjomba wako amemaliza kuezeka.

Unauliza kama uache kuzungumza na wateja, kwa kuwa meneja wako anaona unapoteza muda. Usiache.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa napima ngozi kwa mnunuzi mmoja mzungu hapa hapa, na kazi ile ndiyo iliyotulisha nyumbani. Kwetu, mtu akileta ngozi ya ng'ombe aliyemfia, unampa pole kabla hujagusa mzani. Bwana yule alikataza. "Pima, lipa, atoke. Ukisema pole tena, huna kazi."

Asubuhi iliyofuata akaingia Mzee Njiku, mfugaji, ngozi begani. Bwana alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Pole, mzee. Ni yupi huyu?"

"Yule mwekundu aliyewanywesha wajukuu maziwa. Na huyo nyuma yako, mbona amenuna? Naye amefiwa?"

Watu mlangoni wakacheka. Bwana akanifukuza. Nikatoka. Mzee Njiku akaibeba tena ngozi yake, na wote waliokuwa wakingoja wakamfuata na zao.

Jioni Bwana alikuja kwetu mwenyewe. "Rudi kazini," alisema, akiwa bado amesimama.

Nikamsogezea kigoda. "Kaa kwanza. Habari za nyumbani kwako?"

Akakaa.

Kesho muulize mteja wako habari za watoto, meneja akiwa anasikia.

Babu yako