Sahihi Yangu Chini ya Yako

Mzee wangu, mwalimu wangu,

Huko Kesses tulikokuzika najua barua haifiki, lakini hii nitaiandika tu, na watu waisome, kwa sababu ulipokuwa unaweza kunisikia nilifunga mdomo.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Unaweka kioo chenye seli za mgonjwa chini ya darubini yetu ya watu wawili, halafu unakunywa chai yako kimya. Nikikutupia jicho nijue umefikiria nini, unanikemea: "Msichana, usisome uso wangu. Soma kioo!" Na siku niliyokukosoa, ulizunguka maabara nzima ukitangaza, "Huyu leo amenishinda!" Aki nilijivuna wiki nzima.

Sasa mtu aliyefundishwa hivyo alikosa nini?

Ile Ijumaa ulikuwa umeshavaa suti, wazee wanakungoja Chepsaita kwa maneno ya posa ya binti yako. Kioo kilikuwa cha mwalimu mmoja wa shule huko Moi's Bridge, mwenye uvimbe kwa titi. Ripoti ulikuwa umeandika tayari: si saratani. Ilibaki mimi, maana kioo cha titi lazima kisomwe na watu wawili. "Angalia, usaini, niende," ukasema.

Nikaangalia. Pembeni kabisa kulikuwa na seli chache zimekaa vibaya. Nikarudia kuziangalia. Ningesema, "Mzee, hebu kaa kwanza." Lakini jina lako lilikuwa pale, na mimi ni nani wa kukuvua koti? Nikajiambia kama kuna kitu, wewe ungekiona. Nikasaini. Ukasema asante, ukatoka mbio.

Yule mwalimu wa Moi's Bridge alirudi baada ya mwaka, ugonjwa umefika kwapani. Ulitoa kile kioo kabatini, ukakaa nacho asubuhi yote. Halafu ukaniuliza polepole, "Wewe siku ile uliona?"

"Hapana, Mzee. Sikuona."

Mdomo wangu ushindwe! Ukavua miwani, ukasema macho yako yamezeeka. Ulienda mwenyewe kumwomba mwalimu msamaha, na tulipomzika ukaacha kazi, ukarudi shambani. Mara ngapi nilikuja kwako nimejipanga kusema, nikaishia kusifu mahindi?

Siku hizi maabara ni yangu. Msomaji wa pili haonyeshwi ripoti ya wa kwanza. Anaandika yake kando, ndipo tunalinganisha. Wageni wanausifu huo utaratibu, wanadhani niliutoa kwa vitabu. Niliutoa kwa aibu, na bado sijapona hiyo aibu.

Yule mwalimu wa Moi's Bridge sina la kumwambia. Nilimnyima mwaka mzima wa matibabu. Lakini wewe nilikunyima hata ukweli. Ungenigombeza, pengine ungenifukuza, lakini ungebaki kwa darubini yako. Badala yake ulikufa ukiamini kwamba tuliangalia watu wawili na hakuna aliyeona.

Nisamehe, Mzee. Niliona.

Msichana wako wa maabara