Pengo la Siku Moja Kianda

Halima,

Faili zako zimefunguka. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo ungeuliza kwanza. Maktaba ya programu, ule mkusanyo wa misimbo ulioiandika mwenyewe ili kuhifadhi vipimo vyetu vya moshi ilikataa kabisa kufanya kazi kwenye kompyuta mpya, nami nikahofia kwamba yote tuliyokusanya tangu chuoni, wewe mtaani Kianda na mimi mtaani Kawangware, yamekwenda nawe. Wazazi wa shule iliyo jirani na kwenu wanasubiri vipimo hivyo. Wanataka kuonyesha kile watoto wanachopumua taka zinapochomwa nyuma ya madarasa. Sasa vimo katika muundo ambao programu nyingi zinaweza kuusoma.

Jaribio la kwanza lilinichekesha. Nilisahau kwamba stima ikipotea uliandika hasi 999 mahali pa kipimo, na kompyuta ikazihesabu namba hizo kwenye wastani. Moshi wa Kianda ukashuka chini ya sifuri. Nilikusikia kabisa: "Ati huku kumekuwa peponi na hukunishtua nijue?"

Nikazigeuza kuwa nafasi tupu. Hapo maktaba mpya niliyoitumia badala ya yako ikafanya jambo ambalo sikuiomba, au pengine sikuyasoma maelezo yake vizuri: ilijaza kila pengo kwa makadirio, ikaunganisha kipimo cha kabla na cha baada kwa mstari ulionyooka. Grafu ilipendeza. Nilikaribia kuituma.

Kisha nikaitazama siku ya maziko yako. Kwenye grafu ilikuwa siku tulivu, ya kawaida. Lakini nilikuwepo. Mamako alichomoa kihisi, kile kifaa chetu cha kupimia moshi, ukutani ili achomeke birika la stima la chai ya waombolezaji, akaniambia, "Wacha nacho kipumzike, mwanangu." Nje kuni ziliwaka tangu asubuhi, na hakuna aliyepima.

Nimezima ujazaji huo. Sijui kama huo ni uamuzi wa kisayansi au ni huzuni tu. Huenda siku moja isingebadilisha chochote. Lakini ulizoea kusema, "Kama hatukupima, tuseme hatukupima." Wazazi watapata grafu yenye mapengo. Wakiuliza, nitawaeleza.

Kihisi nimekirudisha ukutani. Mamako hukipangusa vumbi kila Ijumaa.

Lala salama, dadangu. Muundo huu nao utazeeka, nami nitazihamisha faili tena. Kila nitakapozihamisha, siku ile nitaiacha tupu.

Wanjiku, wa Satellite, huku Kawangware