Kibuyu cha Mama Kimeoshwa

Chepseon, Jumapili, 1936

Ati safi! Rahel, mke wa ndugu yangu, ameosha kibuyu cha marehemu mama kwa sabuni na maji moto. Amekisugua ndani kwa mchanga, akakianika uani, kisha akaniita nikione, kama mtu aliyenitendea wema.

"Wifi, kilikuwa cheusi tii," akasema. "Tena kilinuka moshi."

Moshi! Huo moshi ndio mama. Maisha yake yote alichoma kijiti cha mti wa senetwet, akasugua makaa yake ndani ya kibuyu, ndipo akamimina maziwa yagande yawe mursik. Tulikua kwa maziwa hayo, na wajukuu wake vilevile. Shamba lake la wimbi lilipochukuliwa na wazungu likapandwa chai, alihama na ng'ombe wawili na kibuyu hicho mgongoni. Shamba hakulitaja tena. Kibuyu hakumwachia mtu.

Hata mwezi haujaisha tangu tumzike.

Rahel akatia humo maziwa, akampa binti yangu Chebet. Mtoto akaonja kidogo, akakiweka chini.

"Haya si ya Kogo," akasema. Kogo ndivyo alivyomwita bibi yake. Akakataa kunywa tena.

Naogopa atasahau ile ladha. Naogopa hata mimi nita...

Na Rahel alisimama pale akingoja shukrani. Nikamwambia, "Asante, wifi." Mama ndiye aliyenifunza adabu, na leo nimeitumia kumshukuru aliyeuosha moshi wake.