Ubao wa Njia ya Mahameni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Liko swali ambalo nimeshindana nalo kwa muda mrefu: nilipokufundisha kusoma, nilikuongezea kitu au nilikupunguzia? Nitalieleza. Kwanza nijulishe magoti yako yanaendeleaje, na kama paa la jiko lilipata nyasi mpya. Mimi ni mzima, ila vidole huniganda hadi saa nne asubuhi. Nimeandika kwa herufi kubwa kidogo ili usome mwenyewe bila kumwita mtu.

Niliahidi kukuandikia vichekesho vya huku Uingereza. Watu hawa huandika kila jambo kwenye mbao. Kwenye benchi la bustani waliandika "Rangi mbichi", nami niliona watu wanne wakiligusa kwa kidole ili kuhakikisha. Nje ya mji kuna ubao unaowaonya wenye magari kwamba vyura huvuka hapo. Nilisimama nikingoja angalau chura mmoja, hakutokea. Chini ya mlima wameandika "Mawe huanguka", lakini hawakusema kama mpita njia akimbie au angoje. Hilo linanitatiza hadi leo.

Juma lililopita nilitembea na bibi mwenye nyumba ninayopanga, mjane kama wewe. Tulifika penye lango lililoandikwa "Usipite". Nikasimama.

"Mbona umesimama, binti?"

"Pameandikwa tusipite."

Akacheka mpaka akashika lango. "Aliyeandika hayo alikufa kabla sijaolewa. Na yeye mwenyewe alikuwa akitupungia mkono tukipita."

Nilicheka naye, kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu siku tatu kabla nilikuwa nimepokea barua ya kaka Petro. Aliandika habari za tumbaku, za treni kuchelewa Usoke, na katikati, kama jambo dogo: "Mama haendi tena kwa baba. Anasema ubao umekataza."

Mama, ubao ule niliuandika mimi. Ni likizo ile baada ya sisi kuhamia kijiji kipya, kaburi la baba likabaki mahameni, kule tulikohama. Katibu wa kijiji alitaka ng'ombe wasipitishwe kwenye njia ya kwenda huko, maana walikuwa wakikanyaga matuta ya miche ya tumbaku. Akanipa kifuniko cha kasha na rangi iliyobaki koponi. Rangi ilikwisha nilipofika "HAIRUHUSIWI KUPITA", nami nikaona inatosha. Habari ya ng'ombe kila mtu anaijua.

Wewe ulikuja asubuhi ile na kibuyu cha maji na unga wa mtama katika ungo, kama ulivyofanya kila mwaka kabla ya mvua, umfagilie baba kaburi, umnyunyizie unga na kumweleza habari za nyumbani. Darasa la kisomo nililokufundisha ulikuwa umelimaliza majuzi tu. Ukasimama, ukafuatisha herufi kwa kidole: "Ha-i-ru-hu-si-wi ku-pi-ta." Ukanitazama. "Kumbe amekatazwa mtu," ukasema. "Basi tusipite."

Mama Shija, jirani yetu, alikuwa nyuma yako na kamba yake ya kuni. "Wewe unayejua kusoma ndiwe uliyekatazwa," akakwambia. "Mimi sijaambiwa kitu." Akapita.

Watu wakacheka. Mimi nikapiga makofi. Nilikuwa nimeona mama yangu akisoma bila kusaidiwa, nikasahau kuutazama ungo uliokuwa mkononi mwako. Ukageuka nao hivyo hivyo, unga haujaguswa, nami nikakusindikiza hadi nyumbani nikikusifu.

Nimemwandikia kaka Petro aung'oe ubao huo. Lakini usimngoje. Mkono uliokukataza ndio huu unaokuandikia sasa: pita, Mama. Mwambie baba kwamba kosa ni langu.

Nisalimie shangazi msusi wa vikapu, na wifi yangu aliyejifungua, na Mama Shija, ambaye namwonea wivu kidogo.

Limebaki jambo moja ambalo sikulipatia jibu. Pengine uliutii ubao. Pengine uliujua mwandiko wangu, ukaona aibu kuupita mbele ya watu. Nyakati nyingine nahofia kuwa mimi mwenyewe, kwa elimu yangu ya wakati ule iliyoona matambiko ni ushamba, nilifurahi kidogo kuona unga ule ukirudi nyumbani. Siwezi kuamua, kwa kuwa mwenye kujua ni wewe, na siku ile iliponipasa kukuuliza, nilikuwa nikipiga makofi.

Mwanao akukumbukaye,
Anastazia