Fundi wa Vitanda Aitwa kwa Daktari

3 Machi

Baba,
Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mwili mzima, usingizi ndio umenikimbia. Daktari ameupa ugonjwa wangu jina refu. Kwa kifupi: leo nampenda mtu mpaka namganda, kesho simtaki hata kumwona, na muda wote naogopa kuachwa. Nisipolala ndipo unazidi. Juzi, baada ya siku tatu macho makavu, nilimtukana msimamizi wetu kiwandani. Nimesimamishwa kazi mpaka daktari aandike kwamba natibiwa. Naye anataka mzazi aje aeleze nililalaje utotoni. Njoo, Baba.
Binti yako

11 Machi

Binti yangu,
Marahaba. Mimi chuma, magoti tu yana ujeuri. Mwandiko usikutishe, mkono huu umezoea randa. Mwambie huyo daktari nimetengeneza vitanda mia nne na hakuna hata kimoja kinachopiga kelele. Chako nilikipiga msasa mara tatu, ukalala fofofo. Kwangu hakuzaliwa mgonjwa. Siji. Acha vidonge, rudi nyumbani ulale.
Baba yako, Fundi

19 Machi

Baba,
Shikamoo. Vidonge gani? Sijapewa hata kimoja. Nafundishwa kulala saa ile ile kila siku, na kutulia kabla sijajibu mtu. Nimelala siku nne mfululizo na sijagombana hata na jirani, unamjua alivyo. Ila nikianza kusinzia nashtuka, nainuka kutazama kama kuna mtu ametoka. Daktari anauliza: tangu lini? Mimi sijui. Wewe unajua?
Binti yako

27 Aprili

Mwanangu,
Hujambo? Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima nikijifanya nina kazi nyingi.
Najua. Ulikuwa na miaka minne, mama yako ameshafariki, mimi nafuata kazi ya vitanda vya mabweni huko mbali. Ulikuwa unaning'ang'ania shati. Basi nangoja ulale, natoka viatu mkononi. Nikawa najigamba: mwanangu nikisafiri hatoi hata chozi! Shangazi yako, niliyekuwa namwachia wewe, akaniambia unalia ukiamka. Nikamwambia anyamaze. Nilikutoroka hivyo miaka mitatu.
Nakuja Jumatatu. Daktari aniulize, nitamjibu kuliko mzazi yeyote aliyewahi kukalia kiti chake. Nitakaa wiki. Siku ya kuondoka nitaondoka mchana, wewe ukiwa macho, unanisindikiza. Ukitaka kunishika shati, shika. Nimefungasha mawili.
Baba yako