Vijiti Vinne, na Hakuna Kinachofunguka

Jumamosi, alasiri. Sirari.

Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha. Mimi nimelia mara mbili, ya kwanza kwa kujificha.

Leo ni siku ya mwisho ya kubadilisha tahasusi. Dirisha linafungwa saa kumi na mbili jioni. Nilipokuwa kidato cha nne nilijaza Historia, Jiografia na Kiswahili, kwa sababu shuleni hatukuwa na mwalimu wa Fizikia na nilijua nitafeli. Sikufeli. Nina B ya Fizikia niliyoipata kwa vitabu vya kuazima. Nisipojaza Fizikia, Kemia na Baiolojia kwenye ukurasa wa uchaguzi mtandaoni leo, B hiyo itabaki kuwa pambo la cheti.

Kosa ni langu mwenyewe.

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi. Alhamisi alikubali nibadilishe, akaniachia kompyuta yake na modemu, akaenda msibani Mbalibali. Aliniambia, "Fanya hilo moja. Kingine usiguse." Jana mchana, kabla sijafanya hilo moja, kompyuta ikaleta maandishi: sasisha sasa. Nimefundishwa kusoma maelekezo na kuyafuata. Nikayafuata. Ikasasisha mpaka jioni, ikala karibu bando lote, na ilipowaka tena ilikuwa na sura nyingine na mtandao haufanyi kazi.

Afadhali ungekuwa haupo kabisa. Vijiti vyote vinne vya mtandao vimesimama, vimejaa kuliko siku zote, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka.

Nimeizima na kuiwasha mara tano. Nimechomoa modemu, nikaipuliza, nikatoa laini na kuifuta kwa pindo la kanga. Nimehamia tundu la upande wa pili. Nimebonyeza pale kompyuta inapojichunguza yenyewe, ikafikiri kwa muda mrefu, kisha ikasema haikuona tatizo lolote.

Nikalia mara ya pili, bila kujificha.

Nilikimbia hadi steshenari. Imefungwa, mwenyewe ni Msabato na leo ni Sabato. Baba hapatikani. Simu iliyobaki nyumbani ni kitochi cha bibi. Nilirudi nikakaa mbele ya ile kompyuta nikijihesabia miaka miwili ya kusoma nisichokitaka, kwa sababu ya kubonyeza mara moja.

Saa tisa bibi akaja na kitochi chake mkononi.

"Mke mwenzangu, acha kuombolezea hicho kibati, nisomee hapa. Wamenihamisha tena?"

Ulikuwa ule ujumbe tunaoupata sote huku mpakani: karibu Kenya. Bibi alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi.

"Nimekaa na mboga zangu, wao wananikaribisha," akasema. "Na chai hawaleti."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, nikaiangalia modemu.

Na yenyewe ina laini ndani. Na yenyewe huhama.

Mnara wa ng'ambo uko karibu na sisi kuliko wa kwetu, na laini yetu ikishika kule haipati intaneti. Nikakumbuka Baba alipoinunua: alikaa nayo jioni nzima akiipangia ishike mtandao wetu tu. Sasisho lilifuta mpango wake, modemu ikaanza kujichagulia yenyewe, na ikachagua wenye nguvu. Vile vijiti vinne havikuwa vyetu.

Nilitafuta mahali pa kuipangia upya kwa nusu saa nzima, maana kila kitu kimehamishwa. Nikaondoa "otomatiki". Ikaniletea orodha, na mtandao wetu ulikuwa wa mwisho. Nikauchagua. Vijiti vyote vikaanguka.

Nikabeba kompyuta hadi jikoni kwa bibi, kwenye ukuta unaotazama Tarime, uliko mnara wetu. Bibi akageuza kinu juu chini, akakifuta, nikaiweka pale.

Kijiti kimoja.

Ukurasa ulifunguka taratibu mno. Bibi alichambua ungo mzima wa mgagani, nami sikuthubutu hata kupiga chafya. Nikabadilisha. Nikabonyeza hifadhi. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, bibi akakikodolea macho na yeye ingawa hajui tunangoja nini.

Saa kumi na robo, chini ya jina langu: Fizikia, Kemia, Baiolojia.

Sina pa kuchapisha, kwa hiyo nimenakili kila neno la ukurasa ule kwenye daftari, na saa nimeandika. Bibi ametia kidole gumba chenye masizi pembeni, anasema yeye ni shahidi. Haya ninayaandika na kuyaweka mtandaoni hapa hapa juu ya kinu, kwa kijiti hicho kimoja na bando lililobaki.

Baba anarudi kesho. Nitamsalimia, nitampa maji ya kunawa, nitamwonyesha daftari kwanza. Kompyuta baadaye.