"Husband" ni Mkaaji wa Wapi?

Temeke, Jumamosi. Mvua ya alfajiri imekatika, matope yamebaki mpaka mlangoni.

Nakiri: barua ya Salumu niliipokea Jumatatu, na leo ndiyo nimepata moyo wa kuiandika humu daftarini. Ni ya kwanza baada ya miezi tisa. Mume wangu ni karani kwenye shamba la mkonge Tanga, na safari hii ameniandikia kwa Kiingereza, akijua fika kwamba mie ndiyo kwanza najifunza. Anasema ameongeza mkataba, miaka miwili mingine. Chini kabisa ametia: "Your husband."

Neno hilo la mwisho lilinikwama. Maana yake naijua: mume. Nilichotaka kujua ni limejengwa kwa maneno gani. Mwanzo wake niliusikia kama "house", nyumba. "Band" nikadhani ni kufunga. Aliyefungwa nyumbani! Nilicheka peke yangu.

Jana, baada ya darasa la akina mama, nikamwuliza Mwalimu Anna. Akafungua kamusi yake nene, ile inayoeleza asili ya maneno.

"Nyumba umepatia," akasema. "Lakini hiyo nyingine si kufunga. Ni neno la watu wa kale wa kaskazini, waliovuka bahari wakahamia Uingereza. Kwao 'bondi' ni mtu anayekaa mahali pake."

Kumbe Waingereza nao wameazima, kama sie tulivyoazima neno "kitabu" kwa Waarabu.

Mwenye kukaa nyumbani.

Nina miaka mitatu ya ndoa. Salumu hajawahi kumaliza mwezi humu ndani.

Leo asubuhi nimemjibu, kwa Kiswahili, asije akasingizia hakuelewa: njoo ukae, au niite nije huko, au niandikie talaka. Nikamsomea mama. Alikuwa anachagua mchele, mikono ikasimama.

"Mie baba yako nilimngoja miaka sita," akasema. "Sikujua kama mtu anaweza kuuliza."

Akainuka akanitafutia mwamvuli, nikaenda posta.

Barua imekwenda.

Nikapitia kwa Mwalimu Anna, nikamwomba anitazamie na "wife", mke. Akapekua, akasoma, akarudia kusoma. Asili yake, kamusi inasema, haijulikani.

Nilidhani nitahuzunika. Wala. Basi hakuna palipoandikwa kwamba mke ndiye wa kukaa na kungoja.